Unasikiliza nini siku hizi?

 

Leo nataka tuzungumze juu ya swali moja dogo. Wakulima wakikutana njiani huulizana habari za mvua. Washabiki wa mpira huulizana matokeo. Wapenzi wa muziki nao wana swali lao, nalo ni hili: "Unasikiliza nini siku hizi?" Mpenzi wa muziki akiulizwa hivyo macho humng'aa. Atakutajia bendi, atakutajia wimbo, na kama hukuelewa atakupigia gitaa kwa mdomo pale pale barabarani, wapita njia wakimshangaa. Kisha na yeye atakuuliza wewe. Mkiagana, kila mmoja anaondoka na kitu ambacho asubuhi hakuwa nacho, na hakuna aliyepungukiwa. Ukinigawia muhogo wako wa kuchoma, unabaki na nusu. Ukinigawia wimbo wako, unabaki nao mzima, na pengine utaupenda kuliko jana.

Swali hili, ndugu zangu, naona linaanza kututoka midomoni. Na likitutoka kabisa, wako watu watakaoumia. Watu hao nitawataja huko mbele. Kwanza turudi nyuma kidogo, tuone wazee wetu walivyogawiana nyimbo.

Mwaka 1928 Siti binti Saad wa Unguja alisafiri kwa meli pamoja na wanamuziki wenzake hadi Bombay, India, kurekodi santuri. Marehemu Shaaban Robert ameandika wasifu wa mwanamke huyo, na asiyeusoma autafute. Kabla ya safari hiyo, aliyetaka kumsikia Siti ilimbidi awe pale alipo Siti. Santuri zilipofika, sauti yake ilianza kutembea peke yake. Ikavuka bahari, ikaingia katika miji ya mwambao mmoja baada ya mwingine, ikawafikia watu ambao hawakumwona kwa macho maisha yao yote.

Sasa fikirini kidogo. Gramafoni siku hizo ilikuwa mali ya wachache. Lakini mali hiyo haikuwa na siri. Mwenye nayo akishaweka santuri, jirani amekwisha kaa barazani, mpita njia amesimama, na mwenye mkahawa aliyekuwa na mashine yake hakukosa wateja. Mashine moja, masikio ya mtaa mzima. Na kulikuwa na watoto waliosikiliza. Mmoja wa waliozishika nyimbo za Siti kwa masikio tangu utotoni ni Fatuma binti Baraka, ambaye dunia ilikuja kumjua kwa jina la Bi Kidude. Hakupewa nyimbo hizo kwa maandishi. Alizipokea kwa kusikiliza, akaziimba hadi uzeeni, na mwaka 2005 akapewa tuzo ya WOMEX, tuzo kubwa ya muziki wa dunia. Alifariki mwezi wa Aprili mwaka 2013. Kati ya Bombay ya 1928 na tuzo ile pana miaka zaidi ya sabini, na kilichoiunganisha ni mtu mmoja kumsikiliza mwingine.

Bara nako mambo yalikuwa hivyo hivyo. Kuanzia mwaka 1933 kampuni ya HMV ilitoa santuri za muziki wa Kuba zilizokuwa na herufi GV, na santuri hizo zikaenea Afrika, kuanzia Kongo hadi kwetu. Hakuna mwalimu aliyetumwa kutoka Havana kuja kufundisha Morogoro. Vijana walikaa karibu na gramafoni, wakasikiliza, wakarudia, wakasikiliza tena. Salum Abdallah wa Morogoro ni mmoja wao. Bendi yake ikaitwa Cuban Marimba, na ile midundo ya Kuba akaivika maneno ya Kiswahili, hata msikilizaji akasahau kwamba ilitoka ng'ambo. Wala haikuwa ya ng'ambo kabisa, maana midundo ya Kuba ilibebwa na Waafrika waliouzwa utumwani. Iliondoka na majahazi ya watumwa, ikarudi ndani ya santuri. Salum Abdallah alifariki kwa ajali ya barabarani mwaka 1965, na hadi leo wako watu wanaomtaja kana kwamba walimwona jana.

Ikaja enzi ya redio. Matangazo ya Dar es Salaam yalianza mwaka 1951, na mwaka 1965 ikawa Radio Tanzania Dar es Salaam, ile tuliyozoea kuiita RTD. Mnaokumbuka mnajua kwamba nchi yetu haikuwa na kiwanda cha kutengenezea santuri. Bendi zilirekodi nyimbo zao kwenye mikanda katika studio za RTD, Barabara ya Pugu, na santuri nyingi zilitengenezwa Kenya. Mpaka ulipofungwa mwaka 1977, na ukabaki umefungwa hadi mwaka 1983, njia ya santuri ilizidi kuwa nyembamba. Kwa hiyo aliyetaka kujua Juwata wametoa nini, au Vijana Jazz, au Maquis, alisogea karibu na redio.

Na hapo redioni ndipo swali letu lilipojengewa nyumba. Nazungumzia kadi za salamu. Ulinunua kadi yako, ukaandika jina lako na sanduku lako la posta, ukawataja ndugu na marafiki unaowasalimu, mwisho ukaandika wimbo unaoutaka. Kisha ukasubiri. Ukasubiri juma, ukasubiri mwezi. Siku mtangazaji aliposoma kadi yako, mtaa mzima ulijua kwamba fulani wa Nachingwea anamsalimu shemeji yake wa Bukoba, na wimbo anaomtumia ni huu, wa bendi hii. Kulikuwa na kipindi cha Ugua Pole kwa ajili ya wagonjwa. Mtu amelala hospitali mbali na kwao, nauli ya kwenda kumwona hakuna, basi jamaa zake wanamtumia wimbo. Wimbo ulikuwa uji wa mgonjwa. Ulifika bila kumwagika.

Angalieni vizuri jinsi mambo yalivyokuwa. Aliyechagua wimbo alijulikana. Aliyechaguliwa alijulikana. Na waliopiga wimbo walijulikana, maana mtangazaji aliwataja kabla au baada. Ndiyo maana hata mtoto wa darasa la tatu alijua mitindo ya bendi. Ukisema Saboso, alijua ni Western Jazz. Ukisema Kamanyola, ni Maquis. Pamba Moto ni Vijana Jazz. Sikinde ni Mlimani Park. Msondo ni wale waliokuwa Nuta, wakawa Juwata, wakawa Ottu. Mtoto huyo hakusomea chuo chochote cha muziki. Aliambiwa, akashika.

Kisha ikaja kaseti. Kampuni ya Philips ilikuwa imeitoa tangu mwaka 1963, lakini kwetu ilishamiri baadaye, redio kaseti zilipoingia majumbani. Wapenzi wa muziki walikaa mbele ya redio, kidole juu ya kitufe, wakisubiri wimbo uanze, wakiomba mtangazaji asiingize sauti yake kabla haujaisha. Wengine walikwenda kwenye maduka ya kurekodi na karatasi yao: upande wa kwanza nyimbo hizi, upande wa pili nyimbo zile. Fundi akakurekodia, ukaandika majina kwa kalamu kwenye kile kikaratasi cha ndani, kwa mwandiko wa kujitahidi. Kaseti hiyo iliazimwa. Ilizunguka. Ilirudi utepe umejikunja, ukauzungusha kwa kalamu ya Bic, ikaendelea kuimba.

Kaseti iliyoazimwa ilikuwa na nguvu. Remmy Ongala, mzaliwa wa Kindu huko Kongo, alifika Dar es Salaam mwaka 1978, na baadaye akawa kiongozi wa Super Matimila. Hakuwa na wakala Ulaya. Kaseti yake ilichukuliwa na rafiki aliyekuwa anarudi Uingereza, ikawafikia wenye tamasha la WOMAD, naye akaalikwa mwaka 1988. Mwaka uliofuata akatoa sahani ya santuri kwa kampuni ya Real World. Mlango mkubwa namna hiyo ulifunguliwa na mtu mmoja kumwambia mwenzake: hebu sikiliza hii.

Na ule wimbo wake wa "Mambo kwa Soksi", uliohimiza watu wajikinge na ukimwi, mnakumbuka kwamba redio haikuupiga. Je, haukusikika? Ulisikika. Ulipita kwenye kaseti, ukapita kwenye kumbi za dansi, ukajulikana hadi kwa watu wasiopenda dansi. Watu waliambiana. Huwezi kujua ni wangapi waliokolewa na kaseti ya kuazima.

Sasa tufike kwetu, siku hizi. Kijana wa leo ana simu mfukoni. Ndani ya simu ile, kwa njia ya intaneti, anaweza kupata nyimbo nyingi kuliko maktaba yote ya RTD. Ni neema kubwa, na mimi si mmoja wa wale wanaolaani kila kipya. Mzee aliyetafuta wimbo mmoja miaka ishirini anaupata kwa dakika moja, na machozi yanamtoka. Lakini katikati ya neema hiyo naona maradhi mawili.

La kwanza ni usiri. Ingieni kwenye daladala mtazame. Watu arobaini, na ishirini kati yao wameziba masikio kwa vile vidude vidogo. Kila mmoja anatikisa kichwa kwa wimbo wake. Wamebanana bega kwa bega, na hakuna anayejua mwenzake anasikia nini. Zamani redio moja ilikusanya watu kumi. Leo watu kumi wana redio kumi, na kila mmoja yuko chumbani kwake hata akiwa stendi ya basi.

Maradhi ya pili ni kinyume chake, nayo ni ubabe. Huyu ana spika kubwa kama kabati. Anaifungua saa tatu ya usiku hadi saa kumi ya alfajiri, jirani ana mtoto mchanga, mwingine ana mgonjwa, mwingine ana mtihani kesho. Ukimwambia, anasema anawaburudisha watu. La hasha! Kumgawia mtu wimbo kuna adabu yake kama kumkaribisha chakula. Unamwambia karibu, unamtengea, naye akitaka ananawa mikono. Humkamati kichwa ukamjaza tonge.

Kati ya usiri na ubabe ndipo penye nafasi ya swali letu. Unasikiliza nini siku hizi? Ni swali la hiari. Linaomba, halilazimishi.

Wako watakaoniambia kwamba siku hizi hakuna haja ya kuulizana, simu yenyewe inakuchagulia. Ni kweli, ziko programu zinazokuletea wimbo baada ya wimbo bila wewe kuomba. Lakini zinafanyaje? Sehemu kubwa zinatazama ulichosikiliza jana, ama walichosikiliza watu wanaofanana na wewe, ndipo zikuletee kinachofanana nacho. Ukipenda wali, utaletewa wali, pilau na biriani. Ugali hutauona. Rafiki ni kitu kingine. Rafiki anaweza kuja na kitu ambacho hukiwazi kabisa, akakuambia, "Kaka, najua wewe si mtu wa taarabu, lakini sikiliza fidla hii." Anakijua unachokipenda, na pia anakijua unachokikosa.

Mfano ninao. Kuna kijana wa bodaboda mtaani kwetu ambaye hunipeleka sokoni. Siku moja baada ya "Shikamoo mzee" na "Marahaba", nikamwuliza swali letu. Alicheka, akasema, "Mzee, hii yangu utaiweza kweli?" Nikamwambia aweke. Akaweka singeli. Ndugu wasikilizaji, singeli inakimbia! Kinanda kinarudia kipande kile kile kama cherehani, ngoma zinafukuzana, na mwimbaji anamimina maneno kama mnadi wa mitumba aliyeona mvua inakuja. Nikasikiliza hadi mwisho, nikamwambia, "Mwanangu, huu ni mchiriku uliopanda bodaboda." Akaniuliza, "Mchiriku ndio nini, mzee?"

Hapo ndipo zamu yangu ilipofika. Nikamweleza kwamba kabla yake kulikuwa na vijana wa uswahilini Dar es Salaam waliopiga ngoma na vinanda vidogo vya Casio, wakaimba maisha ya mtaani usiku kucha, na kwamba nyuma ya vijana hao kuna ngoma za Wazaramo. Nikamtajia kundi la Jagwa Music, akalitafuta. Tulipokutana tena alikuwa na maswali zaidi yangu. Na yeye akanipa habari yake: nyimbo za vijana wa studio ya Sisso hapa Dar es Salaam zilitolewa mwaka 2017 na kampuni ya Nyege Nyege Tapes ya Kampala, katika mkusanyo uitwao Sounds of Sisso, na Wazungu wakaanza kuzicheza Ulaya. Mimi sikuwa na habari hizo, naye hakuwa na habari za mchiriku. Kila mmoja alikuwa ameshika mwisho mmoja wa kamba. Gharama ya kuunganisha kamba ile ilikuwa swali moja.

Tunazo tabia mbili zinazokata kamba hiyo. Wazee huziita nyimbo za vijana kelele kabla hazijafika ubeti wa pili. Na vijana, wao huziweka nyimbo zetu zote katika kapu moja liitwalo zilipendwa. Neno hilo sisi wenyewe ndio tuliolitunga, lakini litazameni vizuri. Zilipendwa! Kana kwamba mapenzi yalikwisha, wapendaji wakazikwa. Wimbo unaonifanya niache kikombe cha chai kipoe leo asubuhi hauwezi kuitwa ulipendwa. Unapendwa.

Nilisema kwamba wako watu watakaoumia, na sasa nimefika kwao. Ni wanamuziki.

Nendeni kwenye vibanda vya kuingizia nyimbo kwenye simu na memori kadi. Kijana anakujazia nyimbo mia kwa bei ya soda chache. Ukifika nyumbani ukazifungua, majina yake ni namba tu: wimbo wa saba, wimbo wa nane, au "zilipendwa mchanganyiko". Mtunzi hakuna. Bendi hakuna. Mwaka hakuna. Au majina yapo na ni ya uongo: wimbo wa Marijani Rajab anapewa Mbaraka Mwinshehe, wa Western Jazz wanapewa Msondo. Wimbo umefika, mwenyewe ameachwa njiani.

Tusilione ni jambo dogo. Mbaraka Mwinshehe alikwenda na Morogoro Jazz hadi Osaka, Japani, katika maonyesho makubwa ya dunia ya mwaka 1970. Alianzisha Super Volcano mwaka 1973. Alifariki kwa ajali ya gari Mombasa mwezi wa Januari mwaka 1979, hajafikisha hata miaka arobaini. Marijani naye alifariki mwaka 1995. Watu hawa hawakuacha majumba. Waliacha majina na nyimbo. Ukiutenga wimbo na jina, umemwibia marehemu mali yake ya mwisho, na umewaibia watoto wake.

Sheria tunayo. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999, ambayo ndiyo iliyoanzisha COSOTA, inamtambua mtunzi wa kazi, na inamtambua pia mpigaji na mwimbaji. Lakini sheria yoyote ya namna hiyo, na ofisi yoyote inayogawa mapato ya muziki, lazima ianze na jina. Hela hazitumwi kwa "wimbo wa saba". Wimbo usio na jina ni nyumba isiyo na mlango, tarishi hana pa kubisha hodi.

Na hata tukiacha hela, kuna heshima. Katika bendi zetu za dansi kuna watu ambao hawakushika kipaza sauti hata siku moja. Mpiga gitaa la besi, mpiga gitaa la kati, wapuliza tarumbeta na saksafoni. Mchukueni Michael Enoch, King Enoch, aliyeanzia Dar es Salaam Jazz na baadaye akawa nguzo ya Mlimani Park. Wangapi wanacheza dansi kwa pumzi ya mtu huyo na hawajawahi kusikia jina lake? Mpenzi wa muziki akikueleza anachosikiliza, asiishie kwenye jina la mwimbaji. Akutajie na hawa.

Katika hili kuna jambo linaloniuma na kunifurahisha kwa pamoja. Kuanzia mwaka 2005 kampuni moja ya Ufaransa, Buda Musique, imekuwa ikitoa mfululizo wa sidii uitwao Zanzibara. Ya kwanza ilikuwa ya Ikhwani Safaa, kikundi cha taarabu cha Unguja kilichoanzishwa mwaka 1905. Ya nne ilikuwa ya Bi Kidude. Ndani ya sidii hizo kuna vijitabu vinavyoeleza nani ni nani na historia ya nyimbo. Nafurahi kwamba kazi imefanywa. Ninachoumia ni kwamba mjukuu wa mpiga ud wa Unguja atasoma jina la babu yake katika kijitabu kilichochapwa Ufaransa, hali sisi tunaokaa naye mtaa mmoja hatujamwambia.

Basi tufanye nini? Sitoi amri, natoa ushauri wa mpenzi kwa wapenzi wenzake.

Kwanza, mpe mwenzako wimbo mmoja. Usimtumie hamsini kwa mpigo. Nyimbo hamsini ni gunia, ataliweka stoo. Wimbo mmoja ni tunda, atalila pale pale.

Pili, mpe na jina. Mwimbaji, mtunzi, bendi, na mwaka kama unaujua. Usipoujua, uliza wazee kabla hujautuma. Wengi wao wapo, na wanatamani sana kuulizwa.

Tatu, mwambie kwa nini. Usiseme "mzuri sana" tu, hata embe ni zuri sana. Mwambie asubiri pale tarumbeta zinapoingia. Mwambie ulikuwa unausikia mama akifua nguo. Mwambie chochote cha kweli.

Nne, akianza kusikiliza, nyamaza. Wako watu wanakupa wimbo kisha wanausimulia kuanzia mwanzo hadi mwisho, husikii kitu.

Tano, na hili ndilo kubwa, mwulize na yeye. Kisha sikiliza chake kwa subira ile ile uliyotaka akupe.

Na sita, kama wenye wimbo wangali hai na wanapiga, mwambie wapi. Bendi za dansi zingali zinapiga Dar es Salaam mwisho wa juma, mbele ya viti ambavyo vingine ni vitupu. Kiingilio cha watu wawili walioambiana ni bora kuliko sifa elfu za kwenye simu.

Isiwe nimewaambia muulizane halafu mimi nijifiche. Ninachosikiliza juma hili ni hivi vitatu. Asubuhi nasikiliza "Neema" ya Mlimani Park, yenye sauti ya Cosmas Chidumule, ambaye baadaye alihamia kwenye muziki wa Injili. Msikilize jinsi wimbo wa Sikinde unavyojengwa: kwanza unasimuliwa kisa polepole, kila gitaa likiwa na njia yake na hayagongani, kisha linakuja chemko, na hapo aliyekaa huinuka. Mchana nasikiliza "Shida" ya Mbaraka Mwinshehe, kwa ajili ya gitaa lake la solo, linalozungumza kama mtu mwenye kesi ya haki. Na jioni, mkiamini msiamini, namalizia na ule mkusanyo wa singeli niliopewa na kijana wa bodaboda. Sijamaliza kuuelewa. Ila nimeanza kumtambua msanii mmoja na mwingine kwa kinanda chake, kama zamani tulivyozitambua bendi kwa magitaa yao, na hilo linanitosha kwa sasa.

Nanyi je? Usiku wa leo, kabla ya kulala, mwulizeni mtu mmoja wa nyumbani mwenu. Mwulizeni mama, aliyekaa nanyi miaka yote na hamjapata kujua wimbo wake ni upi. Mwulizeni kijana aliyeziba masikio pale kwenye kochi. Mwulizeni kwa upole, na akianza kujibu, msimkatize.

Kwa leo naishia hapa. Tukijaliwa uhai na afya, tukutane tena juma lijalo, siku kama ya leo na saa kama hii. Usiku mwema.